Bi. Chizuru wa Oritani, Anayezikwa Ugenini

Marehemu Bi. Chizuru Mizoguchi, ambaye leo Jumamosi tarehe 11 Februari 2023 tumemleta katika makaburi haya ya Waislamu, alizaliwa tarehe 9 Novemba 1951 katika kijiji cha Oritani, mkoa wa Toyama. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Kiyoji Mizoguchi na mkewe Bi. Yasue. Alizaliwa nyumbani, katika chumba cha nyuma ambacho dirisha lake linatazama mteremko wa ukoo wa Mizoguchi, na kwenye mteremko huo ndiko alikotaka kuzikwa. Aliliomba jambo hilo kwa miaka kumi na moja, kwa adabu, na hakuzikwa huko. Binti yake Rumi, anayewasomea maneno haya, alishauriwa na watu wawili wenye nia njema kwamba siku ya msiba si siku ya kulitaja. Amelitaja.

Marehemu alianza Shule ya Msingi Oritani mwezi Aprili 1958, akikaa dawati moja na Fusae, mtoto wa nyumba ya jirani, ambaye alikuja kuwa rafiki yake wa maisha. Majira ya baridi ya mwaka huo huo, kabla ya shule kuanza, bibi yake mzaa baba alikuwa amefariki. Siku hizo Oritani hawakuchoma maiti. Marehemu aliwasimulia watoto wake mara nyingi jinsi bibi alivyokalishwa ndani ya pipa la mbao, magoti kifuani, wanaume wakalibeba pipa begani kwa mti na kupanda nalo kwenye theluji, na yeye, mtoto wa miaka sita, akamvuta baba yake nguo na kuuliza kama bibi hatachoka kukaa. Baba alimwambia bibi ameinama shambani maisha yake yote, mwache akae. Walimzika juu kidogo ya chemchemi inayoleta maji kijijini. Wazee wa Fusae wapo pale pale, na wazee wa kila mtu. Barabara ya lami ilipofika mwaka 1964, gari la maiti likaanza kwenda kwenye tanuri la mjini, na haukupita muda Oritani nzima ikaamini kwamba tangu dunia iumbwe wao ni watu wa kuchoma.

Baada ya sekondari alisomea upishi mjini, akapata leseni, na mwezi Aprili 1972 aliajiriwa katika jiko la shule ile ile aliyosoma. Alipika pale mpaka alipostaafu mwezi Machi 2012. Kila mtu wa Oritani aliye chini ya miaka sitini amekula kwa mkono wake, na yeye alikumbuka nani aliacha nini kwenye sahani. Hakuwahi kumsema mtoto kwa hilo. Alihifadhi tu.

Mwezi Januari 1986 lori lililobeba magari mawili yaliyotumika liliteleza na kuingia kwenye mfereji mbele ya shule. Dereva alikuwa Bw. Iftikhar Mehmood kutoka Gujranwala, Pakistani, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu nchini na ambaye Kijapani chake kilikuwa “asante”, “sawa” na “bei gani”. Marehemu alitoka na aproni yake, akampa koleo moja, akachukua jingine. Walichimba theluji mpaka jioni. Bw. Iftikhar husema hadi leo kwamba alimpenda kwa sababu hakumuuliza anatoka wapi, alimwambia tu kwamba koleo halishikwi hivyo. Marehemu alisilimu, wakafunga ndoa tarehe 3 Oktoba 1987. Mzee Kiyoji alimnunia mkwewe nusu mwaka, kisha mashine ya kupandia mpunga ikaharibika, na hakukuwa na fundi mwingine karibu. Tangu siku hiyo mkwe akawa mkwe.

Walijaliwa watoto wawili, Rumi mwaka 1989 na Junaid mwaka 1992. Junaid amesimamishwa na polisi njiani mara nyingi, akiulizwa kibali cha kukaa nchini, mpaka amechoka kueleza kwamba mtu haombi kibali cha kukaa kwao. Rumi naye alipokuwa na miaka kumi na tatu, mwalimu alimrudisha nyumbani na agizo la kupaka nywele rangi nyeusi, kwa kuwa nywele zake za kahawia zilionekana zimepakwa rangi. Marehemu alifunga skafu yake akaenda shuleni.

“Mwalimu, niambie kama nimeelewa vizuri,” alisema. “Nywele ambazo hazijapakwa rangi zipakwe rangi, ili zisionekane zimepakwa rangi?”

“Ni utaratibu, mama. Kwa wanafunzi wote ni sawa.”

“Wewe ulikuwa darasa la pili, ukificha karoti chini ya bakuli la supu. Nilikuwa naziona. Nilikulazimisha?”

Mwalimu akasema hapana.

“Basi na wewe mwache mtoto alivyo.”

Nywele hazikupakwa rangi. Lakini utaratibu haukufutwa, na alipofika Junaid ilibidi aende tena, na karoti zile zile.

Mwaka 2008 alihamia Oritani Bw. Isogai, mstaafu kutoka Nagoya, akakabidhiwa uenyekiti wa kijiji kwa sababu vijana walishaondoka na hakuna mwingine aliyeutaka. Alimkuta marehemu akisafisha mfereji siku ya kazi ya pamoja, matope mpaka magotini, skafu kichwani. Walizungumza habari za theluji, kisha akamwambia kwa ukarimu wote, “Kijapani chako ni kizuri sana.”

“Na chako pia, Mwenyekiti,” marehemu alimjibu. “Umejifunzia wapi?”

Bw. Isogai alicheka, akajibu Nagoya. Hakuelewa mpaka alipofika nyumbani kwake, na hilo tunalijua kwa sababu alirudi jioni kuomba radhi na keki ya maharage. Si mtu mbaya. Hakuna mtu mbaya katika habari hii yote, na ndiyo maana imechosha namna hii.

Halmashauri ya mji, kwa upande wake, ilimpenda sana marehemu siku moja kila mwaka. Ilikuwa ni Sikukuu ya Kuishi Pamoja, ya mwezi Oktoba, yenye bendera za nchi nyingi na hotuba ndefu. Alipewa meza iliyoandikwa “Marafiki Zetu wa Nje” na kuombwa apike sambusa. Mwaka mmoja alipeleka vitumbua vya mchele na majani ya pakanga, kama alivyofundishwa na mama yake katika kijiji kilicho dakika ishirini kutoka ukumbini. Afisa alivitazama kwa huzuni. “Ni vitamu sana, mama,” alimwambia, “ila havina ugeni wa kutosha.” Marehemu alirudi nyumbani, akavua viatu, akasema, “Baba Rumi, mwakani nenda wewe. Mimi ugeni umeniishia.”

Alipostaafu, mwezi Machi 2012, aliingia kwenye kikao cha kijiji na ombi moja. Dini yake haichomi maiti, na makaburi ya Waislamu yako mbali mno. Aliomba majirani wakubali yeye na mumewe wakifa wazikwe kwenye mteremko wa nyuma, ardhi ya baba yake. Oritani hawapigi kura. Jambo hukubaliwa na wote au hunyamaziwa na wote. Walivuta hewa kati ya meno kama watu walioungua na chai. Bw. Isogai, kwa upole, akataja chemchemi. Mwingine akauliza kama maiti haiwezi kuchomwa kidogo tu, kwa heshima ya kijiji. Mwingine akapendekeza wakati ukifika arudishwe kwao, Pakistani, nchi ambayo marehemu alikwenda mara mbili na zote mbili akalazwa kwa tumbo.

“Kuhusu maji,” marehemu alisema, “bibi yangu yuko juu ya chemchemi tangu mwaka hamsini na nane. Babu yako yuko pembeni yake, Fusae. Mmekuwa mkiwanywa maisha yenu yote, na kila mgeni akija mnamwambia Oritani hakuna kizuri kama maji yake.”

Mtu akaongeza chai kwenye vikombe vilivyokuwa vimejaa.

“Wale ni tofauti, Chizu,” alisema Fusae.

“Tofauti gani?”

“Wale walikuwa wa hapa.”

“Na mimi?”

Fusae alikitazama kikombe chake. Bw. Isogai, ambaye alikuwa na miaka minne tu kijijini, akahitimisha kwamba jambo ni zito na kijiji kitalifikiria.

Usiku ule marehemu alilia, na Rumi hakuwahi kumwona akilia kabla ya hapo, hata kwenye msiba wa Mzee Kiyoji. Hakulia kwa ajili ya mteremko. Alisema angevumilia kusikia neno lile kutoka kwa mtu yeyote, isipokuwa yule waliyekaa dawati moja. Asubuhi yake Fusae alileta figili za kuchachusha kama kawaida, marehemu akazipokea kama kawaida, na neno lile halikutajwa tena.

Zikafuata danadana. Halmashauri ilisema itatoa kibali endapo majirani watakubali. Majirani walisema hawana neno endapo halmashauri itatoa kibali. Bw. Iftikhar alikwenda mjini kila mwaka mpunga ukishavunwa, akapewa chai na kuinamiwa sana, akarudi na habari kwamba jambo linaendelea kufikiriwa. Wakati huo wote marehemu hakukosa hata mara moja kazi ya mfereji. Alimpikia uji Bi. Fusae alipovunjika nyonga. Kwa kuwa alijifunika kichwa, kwenye misiba ya kijiji alikaa nyuma, kwa hiari, ili asiwasumbue watu. Rumi alimkasirikia kwa hilo na alimwambia. “Mimi nimezoeana nao kuliko wanavyojua,” marehemu alimjibu. “Watafika. Wanakwenda polepole tu.” Alikosea, na ni kosa la mtu wa Oritani. Wageni hawawezi kuvumilia kiasi hicho.

Mwezi Septemba 2021 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alilazwa mara tatu katika hospitali ya mjini, ambako alitunzwa kwa moyo. Wahudumu walipoona kwenye maelezo yake kwamba ni Muislamu, walimpikia mchuzi wa kari, mchana na jioni, kwa kumjali. Yeye alitaka samaki wa kuchoma na wali laini. Alikula kari ile yote kwa sababu alijua kazi ya jikoni ilivyo. Mwezi Desemba uliopita Bw. Isogai alikuja kumjulia hali na tikiti la thamani, akamhakikishia kwamba suala la makaburi limewekwa kwenye kikao cha mwezi Aprili.

“Mwezi Aprili,” marehemu alisema. “Nitajitahidi, Mwenyekiti.”

Hakuweza. Alifariki nyumbani asubuhi ya Alhamisi tarehe 9 Februari 2023, akiwa na miaka sabini na mmoja, katika chumba kile kile cha nyuma, mumewe akiwa amemshika mkono.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa Bi. Fusae, na mkongojo wake na sahani yake ya figili. Alipiga magoti kando ya rafiki yake, akamlaza vizuri nywele, akakaa. Kisha aliuliza anazikwa wapi. Rumi alimtajia hapa.

“Mbona mnampeleka mbali hivyo?” alisema. “Kule Chizu hamjui mtu hata mmoja.”

Rumi alidhani anataniwa. Aliutazama uso wa yule mama akaona hataniwi. Alikuwa anauliza kweli, kwa uchungu, kama mtu ambaye hakuwahi kuwemo kwenye kikao.

“Shangazi Fusae,” alimjibu, “ni kwa sababu bado mlikuwa mnafikiria.”

Bi. Fusae alijifunika uso kwa aproni. Hakula siku ile, na usiku alipita nyumba kwa nyumba na mkongojo kwenye theluji. Nyumba yetu haikujua alikuwa akisema nini huko. Tulijua leo alfajiri, tulipotoka na jeneza na kulikuta basi la kukodi limefungwa minyororo ya theluji magurudumuni, limejaa watu wenye suti nyeusi.

Marehemu ameacha mume, Bw. Iftikhar Mehmood, watoto wawili, Rumi na Junaid, mjukuu mmoja, Mio, na kaka yake, Bw. Tadaaki Mizoguchi wa Kanazawa. Ameacha pia watu kumi na wanane wa Oritani, wengi wao wazee wenye magoti mabovu, waliokaa ndani ya basi kwa muda wa saa saba kuja kumlilia, na ambao hapajawahi kuwa na mmoja wao aliyesema hapana. Ninyi wa Oritani, mwezi Machi mtataka kumsafishia kaburi, na mwezi Agosti tena, siku za kuzuru wazee, kwa sababu ndivyo mlivyolelewa, na ndivyo alivyolelewa yeye. Itakuwa mwendo wa saa saba kuja na saba kurudi. Baba yetu bado yu hai, na mteremko uko pale pale.

Apumzike kwa amani mama yetu, hapa palipompokea bila kikao.