Cheti Ndani ya Plastiki

Asubuhi hiyo kwenye benchi la mtaa wa Munuki, mkabala na stendi ya boda boda, walikuwepo watu watano. Tombe, aliyeitwa Bunge kwa kuwa akianza kusema hakuna wa kumkalisha. Ivan wa boda boda, jina lake la utani Breki, kwa kuwa hana. Abdiwahid mwenye duka la jumla, Msomali aliyekulia Nairobi, aliyeitwa Dola kwa kuwa bei zote alizitaja kwa dola. Mama Teresina, mjane aliyenunua kiwanja New Site lakini bado anakuja kunywa kahawa Munuki. Na Night, muuza kahawa, mtoto wake amelala mgongoni. Night ndiye aliyeona kwamba mama Teresina hajagusa kikombe.

— Mama, kahawa inapoa.

— Acha ipoe, mwanangu. Nimeletewa barua.

Bunge aliipokea, akaisoma kwa sauti. Ilitoka Kampala, ambako mama Teresina alinunua hisa mia sita zamani za ukimbizi. Sheria ya soko la hisa ilikuwa imebadilika. Vyeti vya karatasi havitauzika tena, kila kitu kinaingia kwenye kompyuta. Mwenye cheti akipeleke chenyewe, si nakala, kabla mwezi haujaisha.

— Nilitaka kuziuza sasa, alisema mama Teresina. Kuta za New Site zimesimama. Yamebaki mabati, na mvua ndiyo hiyo inakuja.

— Lakini karatasi imekosa nini? aliuliza Breki. Mimi iko na karatasi ya pikipiki, na pikipiki inatembea.

— Panya, alisema Bunge. Panya wamekula karatasi za wakubwa. Kompyuta, panya hawezi.

— Wewe Bunge unajua panya tu, alisema Dola. Ni mwendo, bana. Zamani ukiuza hisa unangoja karatasi zizunguke maofisini siku nyingi. Sasa mashine inauza ukipepesa jicho tu.

— Inamuuzia nani?

— Mashine nyingine.

— Na hiyo nyingine inamuuzia nani?

— Mashine ya tatu. Watu hawatakiwi tena pale. Wanachelewesha.

— Na hizo mashine zinalala wapi mvua ikinyesha? aliuliza mama Teresina.

Walicheka, naye akacheka kidogo. Kisha akatoa cheti mkobani. Night alikijua. Mwaka jana maji ya mvua yalilowesha pembe yake, na mama Teresina akalia. Night akakichukua, akakipeleka kwenye kibanda cha picha, kikapitishwa kwenye mashine ya moto na kutoka kimefunikwa plastiki ngumu mbele na nyuma. Alilipa yeye. Tangu siku hiyo kila alipokiona kinang'aa alifurahi moyoni.

Hapo akafika Falhado, mpwa wake Dola, mgeni kutoka Nairobi, kuchukua ufunguo wa duka. Huko Nairobi alifanya kazi kwa wakala wa hisa, kwa hiyo Dola akampa barua na cheti avitazame. Alikigeuza cheti. Akakigeuza tena.

— Mama, wanataka utie sahihi nyuma ya cheti, juu ya karatasi, nao wapige muhuri. Sasa utatia sahihi wapi?

Bunge alikikwaruza kwa ukucha. Plastiki haikubanduka.

— Tupitishe pasi ya moto, alisema Breki. Plastiki italegea.

— Mvuke wa birika ni bora, alisema Bunge.

— Petroli, alisema Dola. Tukiloweke usiku kucha.

Falhado alitikisa kichwa.

— Wino utatoka na plastiki. Kikichanika hawakipokei. Itabidi aombe kingine. Aende polisi, atangaze gazetini, angoje. Huu mwezi hautoshi.

— Ya jamaa, alisema Breki, na ni mjinga gani alikitia humu?

Night aliweka birika chini. Kinywa chake kilikuwa kimeshafunguka kusema.

— Ni mimi, alisema mama Teresina. Niliogopa mvua. Malesh, samahani, nimewasumbua.

— Nisamehe, mama, alisema Breki. Mdomo wangu pia hauna breki.

Mama Teresina alikunywa ile kahawa, baridi kama ilivyo. Kwa mkono mwingine akavuta kitenge mgongoni kwa Night, akamfunika mtoto mguu. Hakumtazama Night usoni. Night alitaka kusema ukweli pale pale, mbele yao wote, lakini akainama kuchochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Alipoinua kichwa, mama Teresina alikuwa ameshakirudisha cheti mkobani na kuondoka.

Jumatatu iliyofuata mama Teresina alipanda basi la Kampala kwenda kuomba cheti kingine. Alirudi baada ya miezi minne, muda wa barua ukiwa umeshapita, na hisa zilikuwa hazijauzwa.