Muhogo Uliokuwa Bado Majini: Maisha ya Mama Anastasie Nyassa, 1961–2025

Mama tunayemlaza leo Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025, hapa Baraka, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 katika kijiji cha milimani karibu na Fizi-Centre. Alikuwa binti wa tatu wa mzee Etabo Alimasi na mama Sifa, wakulima wote wawili, nao wametangulia.

Alipokuwa na miaka minne, vita viliwafukuza wazazi wake wakaingia porini. Huko walihama kila mara, na muhogo mchungu unataka watu waliotulia. Humenywa, hulowekwa mpaka ulainike, huanikwa juani, ndipo husagwa. Mtu anayekimbia hana nafasi ya kuuacha majini. Mama Sifa alichemsha alichochimba. Jioni moja Anatole, mdogo wake Anastasie, alikula akashiba, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa muda mrefu, akalala akicheka. Hakuamka. Anastasie, aliyelala naye chini ya kitenge kimoja, ndiye aliyegundua asubuhi kwamba mkono ulio shingoni mwake umekuwa baridi. Habari hiyo hakuisimulia mpaka alipokuwa mtu mzima, na hata hapo aliieleza kama mtu anayefundisha mapishi: kilimenywa nini, kiliachwa nini, na ni nini kilikosekana.

Alisoma shule ya msingi Fizi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974. Hapakuwa na njia ya kuendelea sekondari, akaingia foyer ya parokia, ambako wasichana walifundishwa kushona na kupika. Huko alijifunza kunoa kisu, kupepeta maharage kwenye lungo, na kuosha ndagala kwa kuwapitishia tu vidole majini, ili mchanga uzame na samaki wabaki wazima.

Tarehe 25 Julai 1981, katika kanisa la parokia hiyo, alifunga ndoa na Bertin Wilondja, fundi wa mitumbwi kutoka Kazimia. Siku ya kwanza kupika ukweni alipika sombe, na kwa woga akaweka kifuniko juu ya sufuria. Mama mkwe wake, marehemu mama Godelieve, alikuja jikoni, akasimama, akatazama.

“We binti, hiyo sombe iko na baridi?”

“Hapana, mama.”

“Sasa unaifunika blanketi ya nini?”

“Sombe haina baridi, mama. Ni mi niko na haya.”

Mama Godelieve alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaondoa kifuniko mwenyewe, akamweleza kwamba majani ya muhogo yaliyotwangwa huchemka wazi, mvuke wake mkali uende zake, ndipo yatiwe mawese. Tangu siku hiyo Bertin alikuwa akiwaambia wageni wake, “Mwanamuke yangu, ukitaka aongee, funika sufuria yake.”

Mungu aliwajalia watoto watano. Wawili walifariki wakiwa wadogo. Mwaka 1996 familia ilivuka ziwa kwenda kambini Tanzania, ikarudi mwaka 2006 na kujenga Baraka. Mzee Bertin alifariki tarehe 3 Mei 2014.

Kuanzia mwaka 2008 marehemu alifundisha upishi wa nyumbani katika kikundi cha bamama cha parokia. Waliopita mikononi mwake wamejaa hapa leo. Hakupenda kufundisha vyakula vya karamu. Alifundisha jinsi ya kumenya bila kutupa nusu, jinsi ya kusubiri mafuta yapate moto kabla ya kitunguu, na zaidi ya yote muhogo. Alikuwa akichukua kipande kutoka majini na kukivunja karibu na sikio la mwanafunzi. “Unasikia? Inalia. Inayolia inaua. Rudisha.” Kipande kilichoiva majini huachana kimyakimya, na ukikibana kinakuwa uji kati ya vidole. Hapo tu ndipo aliporuhusu kianikwe.

Mwishoni mwa mwaka 2021 Gatesi, mwanamke kijana wa Bibokoboko, aliteremka Baraka na watoto wawili. Mume wake, Byiringiro, alibaki kule juu, kaburini. Ng'ombe wote walikuwa wamechukuliwa. Kwa kuwa alikuwa wa kabila la wafugaji, majirani hawakutaka marehemu ampokee, na wengine walimwambia hivyo usoni. Aliwajibu kwamba chumba cha binti yake Solange kiko wazi na Solange ameshaolewa. Gatesi alikulia kwenye maziwa, viazi na mahindi, na muhogo mchungu hakuujua. Alifundishwa kama wengine, akaelewa.

Lakini mwaka uliofuata kulikuwa na njaa, na muhogo ulianza kuibwa ukiwa majini. Mama analoweka shimoni leo, kesho anakuta shimo tupu. Kwa hiyo bamama wengi walianza kuutoa mapema, kabla mwizi hajafika, wakauanika ukiwa mgumu na kuusaga hivyo hivyo. Gatesi pia. Alitoa mapema kwa wiki nyingi, akapika, na nyumbani hapakuwa na samaki wala maziwa ya kusaidia mwili. Asubuhi ya tarehe 6 Septemba 2022, binti yake Irakiza, mwenye miaka saba, alijaribu kuamka na miguu ikakataa. Magoti yalikuwa yakigongana, visigino havigusi chini. Hakuwa na homa, wala maumivu. Alikaa akiitazama miguu yake kama ya mtu mwingine.

Mtaa ulisema ni uchawi. Jirani mmoja, mama Marthe, ambaye yuko hapa na ameruhusu jambo hili lisomwe, alikuja na kundi la maombi.

“Miguu ya mutoto imefungwa,” alisema. “Tunapashwa kujua ni nani amefunga.”

Baadhi walikuwa tayari wamemtazama Gatesi, mgeni. Marehemu alitoka jikoni na kipande kutoka kwenye kapu la Gatesi, akakivunja mbele yao. Kililia.

“Huyu njo mulozi wako, Marthe,” alisema. “Umupeleke kanisani umuombee. Na yule wako umemuanika juu ya bati, nimemuona.”

Mama Marthe alienda kwake, akashusha muhogo wote kutoka kwenye bati, akaurudisha majini. Daktari alithibitisha baadaye: ni sumu ya muhogo, na miguu ya namna hiyo hairudi ilivyokuwa. Irakiza anatembea kwa fimbo mbili hadi leo.

Ndipo marehemu alipoanzisha zamu. Aliwashawishi bamama wa mtaa waloweke pamoja, kwenye kona moja ya kijito, na kila siku mmoja akae kulinda. Baadhi walikataa kuchanganya muhogo wao na wa Gatesi. Aliwaambia, “Maji hayaulize kabila.” Kisha akakaa zamu ya kwanza yeye mwenyewe, na za wale waliokataa pia, mpaka wakaona haya. Tangu hapo hakuna mtoto mwingine wa mtaa huu aliyepoteza miguu.

Jumanne iliyopita, tarehe 4 Novemba, ilikuwa zamu yake. Muhogo ulikuwa umeingia majini siku moja tu. Mchana walifika vijana wenye silaha. Familia haijui ni wa kundi gani na haitaki kujua. Gatesi alikuwa ng'ambo ya kijito akifua, na haya aliyasikia kwa masikio yake. Walimwamuru awajazie magunia. Hakukataa. Aliinama akajaza.

“Mubebe,” alisema. “Lakini musipike leo. Haijaiva. Mutie tena mu maji.”

“Unatutisha, mama?”

“Sibatishe, batoto yangu. Nabaambia namna ya kupika. Hii itabakata miguu.”

Mmoja alisema huyu ni mlozi, ameulaani muhogo. Alimpiga na kitako cha bunduki, kifuani na kichwani, wakaondoka na magunia matatu.

Alibebwa hadi kituo cha afya. Barabara ya kwenda hospitali ilikuwa imefungwa kwa mapigano, na wauguzi walifanya walichoweza. Kwa siku alizobaki hakuuliza habari za mbavu zake. Kila alipozinduka aliuliza swali moja.

“Bale batoto, walitia tena mu maji?”

Siku ya kwanza Gatesi alimjibu kwamba hajui. Siku ya pili alimjibu vivyo hivyo. Ijumaa asubuhi, tarehe 7, alipoona pumzi zimekuwa fupi, alimwambia, “Ndiyo, mama. Walitia.” Marehemu alimtazama. “Unanidanganya, binti yangu,” alisema. “Tuma muntu akabaambie.” Akafariki saa nne, akiwa na miaka sitini na minne.

Ameacha watoto watatu: Élie, Solange na Guy, wajukuu kumi na mmoja, Gatesi na watoto wake Irakiza na Umulisa, ambao kwa neno lake mwenyewe wanahesabiwa hapa, dada yake Gentille wa Kazimia, na bamama wote wa kikundi.

Hatukuwa na mtu wa kutuma, kwa sababu hatujui wapi. Kwa hiyo familia inalisema neno lake hapa, na inaomba kila aliyepo, awe wa tambarare au wa milimani, alifikishe anakoweza, bila kuuliza majina. Muhogo wa magunia yale matatu ulikuwa wa siku moja. Kama bado ni mbichi, urudishwe majini siku nyingine tatu, mpaka uvunjike bila sauti. Kama umeshasagwa, unga uchanganywe na maji, utandazwe mwembamba juani mpaka harufu kali iishe, ndipo usongwe. Kama umeshaliwa, na kijana akaamka magoti yakigongana, asitafutwe mlozi. Aache ugali huo, apewe maharage na samaki, apelekwe kwa daktari. Ni mama yetu anayesema.

Mungu ampe mama Anastasie mapumziko ambayo duniani hakuyapata, na amlaze kwa amani.