Wajane wa Langoni na Foleni ya Alhamisi

Mgeni rasmi, Bwana Fahmi, mkuu wetu wa afya, assalamu alaikum. Karibu Langoni. Kahawa ipo, halua ipo, na maneno yapo. Tutaanza na maneno.

TULIKOTOKA
Sisi ni wajane wa darsa ya alasiri. Zahanati ilipofungua chumba cha wasichana siku ya Alhamisi, mlango ulielekezwa barazani kwa wanaume. Buibui na ninja huficha uso, lakini hapa kwetu mtu hujulikana kwa viatu. Rawiya, binti wa miaka kumi na sita, alifika na ujauzito wake. Hajakaa, habari zishafika kwao. Na muuguzi akamwambia, "Rudi, uje na baba yako." Hakurudi tena. Miguu ikamvimba, kifafa cha mimba kikamshika nyumbani. Rawiya alipona; mtoto wake tulimzika. Aliyempa mimba hakuambiwa na mtu alete baba yake.

TULILOFANYA
Tangu hapo, kila Alhamisi twaenda na wasichana. Ndani kwa Bi Mwanatumu, mwenyekiti wetu, twabadilishana viatu: wao wavaa vyetu, sisi vyao, hata vikibana. Kisha twakaa foleni moja, tumechanganyika. Bwana Jaafar wa barazani akacheka: "Bi Mwanatumu, na uzee huo, una mimba?"
"Ninayo," akamjibu. "Nikizaa wa kiume nitamwita Jaafar, huenda huyu akawa na haya."
Sasa wasichana waja mapema. Wengine waja kuuliza tu, kabla hayajawafika.

KIKWAZO
Ofisi yako imebandika tangazo mlangoni: asiye kijana asikae foleni, na kijana asiye na mzazi asihudumiwe. Pia twaambiwa twafundisha zinaa. Bwana, twaswali, twafunga, na haramu twaijua. Aliyeharamisha zinaa ndiye aliyeharamisha nafsi kuachwa ife mlangoni.

OMBI
Ni moja. Libandue tangazo lile leo, kwa mkono wako, kabla hujapanda boti ya kurudi kwenu. Usipolibandua, Alhamisi tutakaa pale pale. Ukituma askari, atukute tumekaa. Waume zetu tumeshawazika. Hakuna aliyebaki wa kuturudisha nyumbani.

Mola akujaalie moyo wa kusikia, awahifadhi mabinti wa nchi hii, na akirehemu kichanga kile. Amin.

Ni sisi,
Wajane wa Darsa ya Alasiri, Langoni.