Maoni Msiyafute: Risala ya Washona Mabegi wa Vyumba vya Nyuma

Mgeni rasmi, mama yetu Meneja wa Soko. Viongozi mliofuatana naye. Jirani zetu mafundi viatu. Kinyozi wa mlango wa pili uliyetuazima viti. Na wateja wetu, mliofika kwa miguu na mnaotutazama kwenye simu:

Tunakusalimu kwa heshima na furaha. Ingia ndani kabisa, mama, usikae mlangoni kama mtu aliyekuja kuazima ungo. Kiti chako ni kile chenye mto wa turubai la kijani. Vumbi likikupanda puani utusamehe. Tumefagia tangu asubuhi, lakini vumbi la turubai ukilifagia huku linatua kule.

TULIKOTOKA

Sisi ni Kikundi cha Mshono Mara Mbili. Tulianza kwa kushona mapazia na kuziba magunia, kila mtu nyumbani kwake, mpaka soko lilipotupangisha vyumba hivi viwili, kile cha kukatia na hiki cha kushonea. Jina letu limetoka kwenye kazi yenyewe. Kila mkanda wa begi, pale unapobeba uzito, unapitishwa sindano mara mbili. Aliyepitisha mara moja anafumua mwenyewe, mbele ya wenzake, na hakuna anayemsaidia kuokota nyuzi.

Katikati yetu yupo mama tunayemwita Shangazi Zipu. Ni yule pale karibu na dirisha, mwenye kitambaa cha maua kichwani na simu mkononi. Ndiye anayetia zipu katika kila begi linalotoka humu. Lakini jina hatukumpa kwa sababu hiyo tu. Akishafunga mdomo, kuufungua ni kazi. Na akishaufungua, kuufunga ndiyo kazi zaidi. Yeye ndiye tuliyemkabidhi simu ya kikundi, kwa kuwa mjukuu wake alikuwa amemfundisha kupiga picha bila kuziba lenzi kwa kidole.

UKURASA WETU WA MTANDAONI

Tulipofungua ukurasa, mama, tulidhani ni kama kabati la kioo. Unapanga mabegi, watu wanapita, wanasifu, wananunua. Shangazi Zipu yeye aliuchukua kama sebule yake. Kila asubuhi, kabla hajaketi kwenye cherehani, alikuwa anaufagia. Aliyeandika "Hongereni mama zetu" alibakizwa. Aliyeandika "Begi zuri kama mshonaji" alibakizwa na kujibiwa kwa picha ya ua. Aliyeandika neno lenye mkunjo wa uso alifutwa chai haijapoa.

Tulipomuuliza, alitujibu huku akiendelea kufuta: "Mtu akija kwangu akatema mate sakafuni, niyaache yakauke? Wageni wengine watakanyaga wapi?"

Tukaona ana haki. Mikutanoni tukawa tunasomewa sifa na kujipigia makofi. Hatukuwa na lalamiko hata moja, na mabegi yalikuwa yananing'inia pale kwenye misumari, hayaendi popote. Tukalaumu mvua. Tukalaumu mitumba. Tukamlaumu kinyozi, kwamba redio yake inafukuza watu.

Ndipo siku moja, mvua imetoka kunyesha, akaingia mwanamke mmoja, nesi, mkononi ana hanga yenye sare nyeupe. Hakusalimia. Alitafuta msumari mtupu, akaitundika ile sare katikati ya mabegi yetu, upande wa mgongo ukitutazama. Ilikuwa na doa la bluu kutoka begani mpaka kiunoni, pana kama ramani.

"Mnaona nini?" akauliza.

"Tunaona sare," akajibu Shangazi Zipu.

"Mimi ninaona begi lenu. Nimenyeshewa kutoka kituoni mpaka wodini, begi likanichora mgongo mzima. Wagonjwa wananiuliza, sista, ulilalia wino? Nikawaandikia, mkanifuta. Nikaandika tena, mkanifuta tena, kama kamasi la mtoto."

"Kumbe wewe ndiye Ua la Jangwani?" Shangazi Zipu akashtuka, maana ndilo jina alilolikuta chini ya maneno yale.

"Ndiye mimi."

"Mbona kwenye picha ni msichana mwembamba?"

"Na mabegi yenu kwenye picha hayatoi rangi. Tumelingana."

Kinyozi alizima redio yake mwenyewe ili asikie vizuri. Sisi tulidhani Shangazi Zipu atawaka. Hakuwaka. Aliinuka, akavuta kigoda, akakipangusa kwa upindo wa nguo. "Kaa, mwanangu. Tumekukosea, lakini usitukimbie. Hebu anza upya, na safari hii sina pa kukufutia."

Nesi akakaa. Akatueleza mambo ambayo sisi tunaoshona chini ya paa hatukuwahi kuyaona. Rangi inatoka ikiguswa na maji. Mfuko wa ndani ni mmoja na ni mkubwa, funguo zinazama chini ya viatu vya akiba, na yeye mlangoni hana mkono wa pili wa kuzitafutia. Tulisikiliza tukitazamana. Begi letu lilikuwa na watu wengi wa kulisifu, na waliolibeba tulikuwa tunawafuta.

TULIYOYAFANYA TANGU HAPO

Tuliacha kufagia. Shangazi Zipu alijiwekea sharti, na kikundi kikalipitisha: anayetukana begi aachwe, anayetukana mama wa mtu afutwe. Sasa kila asubuhi, wakati tunatia mafuta kwenye cherehani, anatusomea maoni kwa sauti, makali kwanza. Akifika kwenye sifa anapitisha haraka kama anayesoma bei za nyanya.

Turubai tunaliloweka na kulianika kabla ya kulikata. Upande unaogusa mgongo tunatia bitana nyeupe, ili rangi ikitoka ionekane humu kwetu kabla haijaonekana kwenye shati la mtu.

Halafu tukaanza kuuliza. Hatukuuliza, "Mnapenda begi la namna gani?" maana ukimuuliza mtu hivyo anakujibu kwa adabu. Tuliuliza, "Unabeba nini, na njiani unasumbuka nini?" Fundi mwashi mmoja akatuma picha ya pima maji yake, ule ubao wa kupimia kama ukuta umelala sawa, imechungulia nje ya begi kama shingo ya bata. Chini akaandika: "Kila nikigeuka nadunga mtu." Tukamshonea mfuko mrefu wa ubavuni, wenye kifuniko. Akauweka kwenye ukurasa wake, wakaja waashi wenzake, akaja fundi bomba, akaja mchora ramani na karatasi zake zilizoviringishwa. Mfuko ule hakuubuni hata mmoja wetu. Uliandikwa na watu, sisi tukaushona.

Pia tumejifunza kutoamini kila moyo unaobonyezwa. Tuliwahi kuweka picha ya begi jekundu lenye pindo za dhahabu. Watu walibonyeza mioyo mpaka simu ikapata joto, nasi tukashona mengi. Lile pale dirishani ni mojawapo. Yale juu ya kabati ni mengine. Na mke wa kinyozi analo moja, anawekea vitunguu, anasema halijambo. Siku hizi tunashona moja tu, tunaliweka, tunasubiri. Anayesifu tunamshukuru. Anayeuliza "Nitalipata lini?" ndiye tunayemkatia kitambaa.

Yule nesi alirudi, akaja na wenzake wa zamu yake. Sare ile aliisahau au aliiacha kusudi, hatujui. Tumeitundika juu ya mlango. Umepita chini yake ulipokuwa unaingia.

KINACHOTUKWAZA

Mama Meneja, ofisi yako nayo ina ukurasa, na sisi ni wasomaji wake wazuri. Pale ndipo tuliposoma kwamba vyumba vya nyuma vitabomolewa kupisha maegesho ya magari, na wapangaji wake wote watahamia ghorofa ya tatu. Maegesho hatuyapingi. Wapo wateja wetu wenye magari, na leo wanayaacha mbali wanakuja wakiruka madimbwi.

Lakini huko juu hakuna lifti, na ngazi ni nyembamba. Shangazi Zipu ana nyonga mbovu. Hakutaka habari yake iingie humu, na sasa hivi anatutolea macho, lakini risala ni ya kikundi na kikundi kimempiku kwa kura. Tulikwenda naye kupaona. Alipanda akiegemea ukuta mpaka pale ngazi zinapogeuka mara ya pili, akakaa chini.

"Nyie tangulieni," akasema. "Mimi nafungua tawi hapa hapa."

Tukacheka, naye akacheka. Kisha akafunga mdomo, na hakuufungua mpaka tulipomrudisha chini.

Jioni ile aliandika chini ya tangazo la ofisi yako, kwa jina la kikundi. Alitusomea kila neno kabla ya kulituma: "Tunashukuru kwa taarifa. Tunaomba kuuliza, mwenye mguu mbovu atapandaje, na fundi mwenye zana nzito atatufikiaje? Chumba cha mizani karibu na lango la mbele tunakiona kitupu." Asubuhi maneno hayakuwepo. Akadhani amebonyeza vibaya, akaandika upya. Yakaondoka tena. Alipojaribu tena alikuta pameandikwa kwamba maoni yamefungwa.

Hatuyasemi haya kwa kinyongo. Aliyeyafuta tunadhani ni mtu wenu mzuri tu, anayependa ukurasa wa ofisi uwe safi wageni wakipita. Mtu wa namna hiyo tunamjua. Tunashona naye chumba kimoja. Siku hiyo Shangazi Zipu aliiweka simu juu ya cherehani, akaitazama ile sare ya mlangoni, akasema, "Leo ndiyo nimejua nilimfanyia nini yule binti."

TUNACHOOMBA

Tunaomba chumba cha mizani. Tangu mizani ihamishiwe upande wa nafaka, humo mna mapipa ya rangi na ngazi iliyovunjika. Ni kidogo kuliko hivi vyetu viwili, tumekichungulia dirishani kwa zamu, tukakubaliana kubanana. Kukatia na kushonea kutakuwa meza moja, na yale mabegi mekundu tutayatafutia wanunuzi.

Tunaomba pia maoni yafunguliwe kwenye ukurasa wa ofisi. Hata kama jibu la ombi la kwanza ni hapana, liandikwe pale pale chini ya swali, tulisome sisi na jirani zetu walisome. Mafundi viatu wana lao kuhusu mfereji unaofurika. Kinyozi ana lake kuhusu umeme unaokatika mtu akiwa amenyolewa nusu. Wamekuwa wakija kutuambia sisi, nasi hatuna mfereji wala umeme wa kuwapa. Maneno hayo ni yako, mama. Yanapotea kwa kukosa mlango.

Tukikosa yote mawili, tutapanda ghorofa ya tatu, hatutagoma. Ila tutapanda bila mtia zipu wetu, na tutakuwa tumemwacha chini mtu aliyetufundisha kusikiliza.

ZAWADI YETU

Mgeni rasmi, hili ni begi lako. Hatukukuuliza unataka la namna gani, maana ungetujibu kwa adabu. Tulikaa na picha za ukurasa wa ofisi. Siku ya kuzindua bomba la maji umebana majalada kwapani, na mwavuli uko mkono huo huo. Siku ya kukagua mitaro, hivyo hivyo. Siku ya wale wageni wa mbali unampa mtu mkono, na jalada umelibana kwa kidevu. Tulicheka kidogo, utuwie radhi, kisha tukachukua mkasi.

Ndani kuna sehemu ya majalada kusimama bila kukunjika. Funguo zina kimfuko chake juu kabisa, kwa hisani ya nesi. Ubavuni kuna mfuko mrefu wa mwavuli, ule ule wa pima maji. Bitana ni nyeupe. Zipu imetiwa na Shangazi Zipu, naye ndiye atakayekukabidhi. Akichelewa kufika hapo mbele tunaomba umsubiri. Kutoka dirishani mpaka kwenye kiti chako si mbali, lakini kwake ni safari.

Libebe kwenye mvua, mama. Likikuchora mgongo, likikukata bega, au ukiona mahali tumepitisha sindano mara moja, usituite pembeni ukatuambia kwa upole. Tuandikie kwenye ukurasa wetu, chini ya picha ya begi lako, watu wote wasome. Tutakujibu. Hatutafuta.

Mungu akupe afya ya mwili na wepesi wa kazi, awatunze wanaokusubiri nyumbani, na aibariki mikono yote inayofanya kazi ndani ya soko hili, ya chini na ya juu.

Ni sisi,
Kikundi cha Mshono Mara Mbili,
Vyumba vya Nyuma, kwa sasa.