Verdell Odom Tolliver, Namba Sita

Marehemu Verdell Odom Tolliver aliacha agizo moja kuhusu maneno yatakayosomwa leo: yasipunguzwe. "Msinipambe," alimwambia bintiye Lavonne wiki mbili kabla ya kufariki. "Wa nyumba ya mazishi watakuwa wameshanipamba, inatosha." Kwa hiyo yanasomwa yote, pamoja na yale ambayo baadhi yetu tungependa yazikwe naye.

Alizaliwa Jumatano tarehe 9 Machi 1938, Union Springs, Alabama, mtoto wa nne kati ya saba wa Ezell na Mattie Odom. Baba yake alipasua mbao kiwandani, mama yake alishona. Verdell alirefuka mapema. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, mpiga picha wa kanisa alimtoa kwa watoto akampeleka kusimama nyuma pamoja na mashemasi, na katika picha ile, ambayo bado ipo, ameinua kidevu kana kwamba naye amesimikwa.

Alisoma shule ya kanisa hadi darasa la nane, kisha sekondari ya kaunti, akamaliza Mei 1956 akiwa wa pili katika darasa lake. Septemba mwaka huo aliingia Chuo cha Mount Gilboa kusomea ualimu. Chumba alishirikiana na Arnetta Gadsden, msichana wa Eufaula aliyempita urefu kwa vidole viwili. "Hatimaye nimepata mtu nisiyehitaji kuinama kumtazama," Arnetta alimwambia siku ya kwanza. "Njoo, mfupi wangu, tukale." Wakawa kama waliozaliwa pamoja. Arnetta aliogopa maji. Hata beseni la kuogea alilijaza nusu tu.

Chuoni hapo palikuwa na jumuiya ya dada, chama cha wanafunzi wa kike walioitana dada maisha yote, iliyoanzishwa mwaka 1909, kongwe kuliko zote za Mount Gilboa, za kike na za kiume. Picha za waasisi wake tisa zilitundikwa ukumbi wa chakula, na aliyevaa beji yake ya dhahabu alipishwa mlangoni. Jumuiya hiyo ilipeleka walimu mashambani, ikauguza wagonjwa, ikawasindikiza watu wetu weusi kujiandikisha kupiga kura wakati jambo hilo lilipogharimu maisha. Hayo ni kweli, na marehemu hakuyakana kamwe. Lakini mwenye kutaka kuingia alipaswa kwanza kupita mstarini.

Februari 1958 wasichana saba walipangwa mstari kwa urefu, mfupi mbele. Verdell alikuwa namba sita, Arnetta namba saba, wa mwisho. Kwa wiki tatu walitembea hivyo kila mahali, mkono wa kila mmoja begani kwa wa mbele yake. Sheria zilikuwa mbili. Hakuna kugeuka nyuma. Hakuna kutaja jina la mtu, ni namba tu; mwenye kutaja jina aliwarudisha wote saba mwanzo.

Jumamosi tarehe 15 Februari, jua likichomoza, dada wakubwa, waliokwisha kula kiapo cha jumuiya, waliwapeleka kwenye bwawa la kinu cha zamani wavuke juu ya ukuta wake. Ukuta ulikuwa na upana wa hatua moja na ulishikwa na barafu nyembamba. Dada mmoja alipaswa kutembea nyuma ya namba saba. Kulikuwa na baridi, naye akatangulia ng'ambo walikokuwa wamewasha moto.

Katikati ya ukuta mkono wa Arnetta ulitoka begani mwa Verdell. Kisha Verdell alisikia jina lake. Liliitwa mara moja tu, bila ukelele, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi mezani. Alidhani anajaribiwa. Aliamini dada wakubwa wamemtuma Arnetta amtege ageuke, ili wote waanze upya na lawama iwe yake. Akakaza macho kwenye kisogo cha namba tano, akatembea hatua ishirini na sita hadi mwisho wa ukuta. Huko walihesabiwa. Walikuwa sita.

Mwili ulipatikana adhuhuri. Jioni hiyo iliandikwa karatasi iliyosema kwamba Arnetta Gadsden alitoka chumbani peke yake kwenda kutembea, na wote sita waliitia sahihi. Wiki mbili baadaye walikula kiapo, wakavishwa beji, majina yao yakaandikwa katika kitabu cha jumuiya. Jina la Arnetta halikuandikwa, kwa kuwa hakuwa amekula kiapo.

Verdell alihitimu Mei 1960 na kuanza kufundisha Union Springs. Tarehe 17 Juni 1961 alifunga ndoa na Roscoe Tolliver, mfanyakazi wa posta, mtu mpole aliyependa samaki wa kukaanga na ukimya. Walijaliwa Lavonne mwaka 1962 na Thaddeus mwaka 1965. Alipanda ngazi za ualimu hadi akawa mwalimu mkuu mwaka 1978, akashika kazi hiyo miaka ishirini na mitatu.

Wengi walioketi hapa wanakumbuka mstari wake wa kwenda kula. Hakuruhusu mtoto apige hatua kabla ya kugeuka na kutaja jina la aliye nyuma yake. Mwalimu mkuu mwenyewe alitembea mwisho kabisa. Mvulana mmoja mtundu alimwuliza, "Na wewe Bi Tolliver, nyuma yako yuko nani?" Watoto walicheka. Yeye alisema, "Tembea, chakula kinapoa," na siku hiyo hakula.

Kila mwezi wa Februari ilimfikia barua kutoka Eufaula. Bi Luvenia Gadsden, mama yake Arnetta, aliwaandikia wote sita swali lile lile: mwanangu aliyeogopa maji alifuata nini bwawani? Verdell alipokea barua ishirini na mbili. Hakujibu hata moja. Tusimtafutie udhuru, kwa kuwa mwenyewe hakujitafutia. Alikuwa amekula kiapo cha siri, na kiapo kilimfaa, maana kilimpa heshima mjini na kiti cha mbele kila sherehe.

Aliyemfanya akivunje ni Lavonne, bila kujua. Kiangazi cha mwaka 1980 alikuwa amekubaliwa Mount Gilboa, naye aliingia jikoni akiimba wimbo wa jumuiya.

"Mama, mimi ni binti wa dada wa jumuiya. Nafasi yangu mstarini ipo, si ndiyo?"

Marehemu aliendelea kukata sukumawiki.

"Mama, kila nikikuuliza habari za mstari unapika. Tutanenepa sote."

"Wewe ni mrefu," mama yake alisema.

"Najua mimi ni mrefu. Ndiyo nini?"

"Watakuweka mwisho."

Akaweka kisu chini, akamsimulia yote. Jumamosi iliyofuata aliendesha gari hadi Eufaula akiwa na Lavonne. Bi Luvenia, miaka sabini na minne, alikuwa barazani akimenya kunde. Alimsikiliza mgeni wake bila kusimamisha vidole.

"Alikuita?" aliuliza mwishoni.

"Ndiyo, Mama. Aliniita jina langu."

"Na wewe?"

"Sikugeuka."

Bi Luvenia alimenya kunde mpaka bakuli likajaa. Lavonne anakumbuka kwamba hakuna aliyethubutu kujikuna.

"Miaka yote nilifikiri alijiua," bibi huyo alisema. "Nilikuwa nikimwomba Mungu amsamehe mwanangu. Kumbe nilikosea wa kumwombea." Kisha akasukuma bakuli. "Yaandike hayo. Weka jina lako chini, la kweli. Halafu nenda, binti. Sikufukuzi, ila nenda."

Aliyaandika, akapeleka kwa chuo, kwa gazeti la kaunti na kwa makao makuu ya jumuiya. Novemba 1980 jumuiya ilifuta jina lake kitabuni kwa kosa la kutoa siri. Hakuna aliyeshtakiwa. Rafiki zake wa miaka ishirini walihama benchi lake kanisani, na Roscoe aliketi naye pale peke yao hadi alipofariki mwaka 2004. Lavonne alisoma chuo kingine. Bi Luvenia alifariki mwaka 1983, na hakumwita Verdell tena.

Mwaka 2006 jumuiya ilimwandikia kwamba jina lake limerudishwa kitabuni, na beji ikaja kwa posta. Aliitia kwenye droo ya nyuzi.

Figo zake zilianza kushindwa mwaka 2015, akawa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Septemba iliyopita Bi Charmaine Whitlow, kiongozi wa jumuiya hapa mjini, alimtembelea na keki ya limau.

"Dada Verdell, siku ikifika tutakusindikiza kwa heshima zote. Mavazi meupe, mishumaa, na majina ya mstari wako yatasomwa."

"Mangapi?"

"Yote sita."

"Sisi tulikuwa saba."

"Dada yangu, Arnetta hakula kiapo. Kitabu ndicho kinachosema, si mimi."

"Alikufa akiwa njiani kwenda kukila. Mliandike jina lake mlisome, mje na mishumaa yenu. Msipoliandika, mje na nguo zenu za kawaida kama wageni wengine. Sasa nikatie keki, na usinikatie kama mgonjwa."

Bi Whitlow, ni haki kusema, aliyaandikia makao makuu ombi hilo kwa mkono wake. Jibu lilifika tarehe 24 Oktoba: kanuni hairuhusu. Marehemu aliomba asomewe mara mbili. Kesho yake alimtuma Thaddeus posta kuirudisha beji. Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 5 Novemba 2019, saa nne asubuhi, watoto wake wakiwa wamemshika mikono.

Ameacha watoto wawili, Lavonne na Thaddeus, wajukuu watano, mdogo wake Bi Hattie Odom wa Mobile, na Bi Ola Mae Crenshaw, namba tatu, wa mwisho aliye hai katika mstari wao, ambaye amesafiri kutoka Detroit na ameketi na familia. Wamemtangulia wazazi wake, ndugu zake watano, mumewe Roscoe, na Arnetta Gadsden, namba saba.

Leo hakuna mavazi meupe wala mishumaa. Tutakwenda kaburini kwa mstari mmoja nyuma ya jeneza. Kabla ya kupiga hatua, kila mmoja ageuke na kutaja jina la aliye nyuma yake, asiyelijua aliulize. Wa mwisho atakuwa Bi Ola Mae. Nyuma yake hapatakuwa na mtu. Naye atageuka, atataja kwa sauti jina la Arnetta Gadsden, na sote tutasimama tulisikie. Baada ya jina hilo, si kabla yake, jeneza literemshwe, na Verdell apate kupumzika.