Helvi Mustaniemi, Aliyeliwinda Vumbi la Unga kwa Mwanga

Marehemu Helvi alizaliwa Karttula, Ufini, tarehe 14 Februari 1943, mtoto wa pili wa mzee Eemeli, mwokaji mikate, na mama Saima. Mdomo alikuwa nao tangu utotoni, kila aliyeko hapa ni shahidi.

Alisoma Karttula na Kuopio, akahitimu uhandisi Tampere mwaka 1968. Mwaka huohuo baba alifariki, mapafu yakiwa yameharibiwa na unga. Kaka yake, Oiva, akarithi kazi kwenye tanuri lilelile, na kikohozi kikaanza. Helvi aliogopa sana, maana mwenye kiwanda hicho cha mikate alishikilia kuwa hewa ni safi.

Akiwa mhandisi wa vipimo Kuopio, aliunda kisanduku cha kumulika hewa: chembe zikipita kwenye mwanga, mshale wa kipimo unapanda. Siku ya kukijaribu kiwandani, Oktoba 1974, mshale ulipanda penye unga, ukapanda vilevile nje, kwenye ukungu mtupu.

"Binti, na huko nje nako tunaoka mikate?" mwenye kiwanda alicheka.

Helvi alirudi nyumbani amenyong'onyea. Mumewe Pentti, aliyefunga naye ndoa mwaka 1970, alikuwa ameshawasha sauna ya Jumamosi, kile chumba cha kuogea mvuke. Helvi akaingia na kisanduku kwapani.

"We mwanamke, hata hicho nacho kinaoga?"

"Mwaga maji, acha maneno!"

Pentti akayamwagia maji mawe ya moto. Mlangoni, penye baridi na ukungu, mshale uliruka; juu, kwenye joto kali, ukalala.

"Pentti, ni matone ya maji! Joto linayakausha!"

Akatoka mbio kwenye theluji na taulo lake, anacheka peke yake. Wiki iliyofuata alikifungia kisanduku bomba la kupasha hewa joto kabla haijamulikwa, akarudi kiwandani. Kwenye ukungu, kimya. Kwenye mashine ya kukandia, mshale juu kabisa. Kabla ya Krismasi mwenye kiwanda akaweka mafeni ya kuvuta vumbi.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021. Alipovishwa barakoa ya oksijeni, alimuuliza muuguzi, "Hii mmeipima?" Alifariki Kuopio, tarehe 3 Machi 2024.

Ameacha mume, watoto wawili, Marjut na Ilkka, wajukuu watano, na kaka yake Oiva, miaka themanini na minne, aliyeoka mikate hadi kustaafu. Ndiye aliyewasomea wasifu huu, mwanzo hadi mwisho, bila kukohoa.

Pumzika kwa raha, mdogo wangu.