Ini la Shangazi

Sogeeni wanangu, Kheir kaa huku na Bashira huku, maana sauti yangu nshaiona inapungua, na nnalotaka kusema mlisikie nyote wawili kwa pamoja.

Mimi Msabah nshakula chumvi nyingi, lakini furaha niliyoipata kwa mjukuu wangu Nusrat sijaipata kwengine. Mnakumbuka alivyokuwa mchanga, macho manjano kama bizari, tumbo limevimba, na daktari akatwambia mirija ya nyongo imeziba, ini linakufa, hana cha kumponya ila kipande cha ini la mtu mzima aliye hai. Wewe Kheir, babake, damu yako ikakataa. Mamake, Faiza, alikuwa mjamzito. Hapo ndipo ulipoingia Bashira mlangoni mwangu hapa Mkunazini, wewe ambaye ndugu yako hakukusemesha tangu ulipoolewa na Tahir, eti mtu wa bara, ukasema, "Nipimeni mimi."

Nawe Kheir ukainamisha kichwa. "Dada, mimi harusini kwako sikuja."

"Wala Nusrat hakuja," akakujibu. "Alikuwa hajazaliwa. Sasa nimkasirikie nani?"

Nilicheka siku ile, nikalia papo hapo. Mkapanda ndege mkenda India, akakatwa shangazi, akaungwa mtoto. Na sifa zote ni za Mungu, ini la Bashira likaota tena, na kile kipande kikakua na mwenyewe. Aliporudi Nusrat, macho meupe kama tui, jambo la kwanza alininyang'anya mkate wa ufuta mkononi. Leo anasema mchana kutwa, na Faiza anaapa kuwa Bashira hakutoa ini peke yake, katoa na mdomo.

Basi sikilizeni. Nyumba hii igawanyeni kama sheria ya Mungu ilivyogawa. Shamba la mishokishoki la Bububu, ambalo halifiki thuluthi ya mali yangu, nnamuusia Nusrat, kwani babake yu hai na yeye harithi kwangu. Dawa zake za kuufanya mwili usilikatae ini msizikatize kwa kumuona mzima. Uzima huo ndio dawa hizo. Na wewe Kheir, Idi ya kwanza nikishaondoka, nenda ukale kwa Tahir, usingoje kuitwa. Ndugu ni kufaana, si kufanana.

Nipeni maji... kidogo tu. Mungu akuwekeni, akupeni wajukuu watakaokushindeni maneno. Nnamsikia Nusrat uani, anagonga sufuria. Msimnyamazishe... Agonge. Nami nilale.